Chakula cha Mwenzio, Nguo ya Mwenzio, Lugha ya Mwenzio

(Maneno yaliyoandaliwa kusomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kampala)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jambo linaloletwa mbele ya mkutano huu ni dogo kwa umbo, lakini madhara yake ni makubwa. Ni kile kicheko kifupi kimtokacho mtu aonapo sahani ya mwenziwe, au kanzu ya mwenziwe, au asikiapo matamshi ya mwenziwe. Wengi hukiita mzaha, na mwenye kuchekwa akikasirika huambiwa kuwa hana moyo wa utani. Walakini Qurani Tukufu, katika Sura ya 49, haikulichukulia jambo hili kuwa ni mzaha. Imewakataza watu wasiwafanyie dhihaka watu wengine, na wanawake wasiwafanyie dhihaka wanawake wengine, kwa sababu huenda anayechekwa akawa bora mbele ya Mola kuliko anayecheka. Wanawake wametajwa peke yao baada ya watu kutajwa kwa jumla, ili asibaki mtu yeyote wa kudhani kuwa maneno haya yanamhusu jirani yake tu.

Mji wa Kampala una sababu yake ya pekee ya kulisikiliza onyo hili. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na tangu siku za ukoloni kilima na bonde vilikuwa na maana mbili mbali mbali. Juu ya Nakasero na Kololo walikaa wakubwa wa serikali na wenye mali, penye hewa safi na barabara nzuri. Chini mabondeni, kama kule Kisenyi na pande za Katwe, walikaa wapagazi, mafundi, wachuuzi na wageni waliokuja kutafuta kazi, penye majimaji na nyumba zilizobanana. Kutokana na hayo watu wamezoea kumpima mtu kwa mahali anapolala. Akiulizwa akaapo, naye akajibu, msikilizaji amekwisha kumwekea bei kabla hajamaliza kusema. Na baada ya kumpima kwa nyumba, humpima kwa chakula, kwa nguo, kwa lugha, na kwa harusi ya binti yake.

Yafaa ikumbukwe somo la kwanza la Uislamu katika nchi hii lilikuwa somo gani. Mwaka 1844 alifika katika jumba la Kabaka Suna II mfanya biashara aliyeitwa Ahmed bin Ibrahim. Siku moja akawaona watu wa chini wakitolewa kwenda kuuawa kwa amri ya mfalme, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Akasimama mbele ya mfalme, na mahali pale mtu hakusimama hivi hivi tu, akamwambia kuwa watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye aliyempa mfalme ufalme wake. Hapo ndipo Kabaka alipotaka kujua habari za huyo Mungu. Basi kabla ya Waganda kufundishwa sala, kabla ya kufundishwa saumu, walisikia kwanza kuwa mtu wa chini ana thamani isiyotoka kwa mfalme wala kwa tajiri. Mwislamu wa Kampala amcheka fukara kwa ajili ya ufukara wake huwa amelisahau somo hilo, nalo ndilo lililofungua mlango alioingilia babu yake.

Huenda mtu akauliza: je, ni haramu kupenda kitu na kutokupenda kingine? Hasha. Ladha ni jambo alilopewa kila mwanadamu, na haikulazimishwa kuwa moja. Katika habari zilizopokewa kwa sanadi sahihi imetajwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kamwe kukitia ila chakula. Akikitamani alikula, na asipokitamani alikiacha. Na siku moja, katika nyumba ya mkewe Bibi Maimuna, aliwekewa nyama ya kuchoma ya mnyama wa jangwani anayefanana na kenge. Alipoambiwa ni nyama gani aliondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haimpendelei. Basi Khalid akajivutia sahani akala, na Mtume akimtazama.

Na izingatiwe adabu iliyomo katika kisa hiki. Mtume hakula, wala hakujilazimisha kula. Hakumzuia aliyekula, wala hakumkunjia uso, wala hakusema neno lililomfanya Khalid aone haya mbele ya waliohudhuria. Alitaja kuwa hakukizoea, basi. Hii ndiyo tofauti baina ya ladha na dharau. Mwenye ladha husema kitu fulani hakukizoea, na mwenye dharau husema kuwa kitu kile huliwa na watu wa namna fulani.

Kadhalika Masahaba walipofahamishwa kuwa haingii Peponi mwenye chembe ya kibri moyoni, mtu mmoja aliingiwa na wasiwasi. Akauliza juu ya yule apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akafahamishwa kuwa Mwenyezi Mungu hupenda uzuri, na kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo mwenye kanzu ya thamani na avae, na mwenye nyumba ya ghorofa na ashukuru. Hesabu inaanza pale anapoitumia kanzu yake kuwa fimbo ya kumpigia mwenye kanzu iliyofuliwa mara nyingi.

Mwenye kucheka hujitetea kwa hoja moja. Husema kuwa yeye hamcheki mtu, ila anakicheka kile kitu, kwa kuwa kitu chenyewe ni duni. Hoja hii ichunguzwe kwa mambo matatu ambayo kila mkazi wa Uganda anayajua: nguo, chakula na lugha.

Tuchukue nguo kwanza, na iwe ni lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba. Kabla ya kuja vitambaa vya kigeni, lubugo ilikuwa ndiyo nguo ya Waganda, wakubwa kwa wadogo. Watu wa kawaida walivaa yenye rangi ya udongo mwekundu, na ya mfalme na machifu ilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. Wafuaji wake ni mafundi wa ukoo wa Ngonge, ambao mkuu wao wa urithi huitwa Kaboggoza. Kisha misafara ya pwani ikaleta merikani na vitambaa vingine, na walioanza kuvivaa ni watu wa jumba la mfalme. Wakubwa walipoiacha lubugo, mara moja ikawa ni nguo ya mshamba na sanda ya maiti, na aliyebaki nayo akachekwa. Ikapita miaka mingi, hata mwaka 2005 shirika la UNESCO likaitangaza kazi ya kufua lubugo kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu. Sasa mafundi wa mitindo wanaishona mikoba na makoti, na wageni wanainunua kwa fedha nyingi. Mti ni ule ule wa mutuba, na nyundo ya mfuaji ni ile ile ya mbao. Kitu hakikubadilika, aliyebadilika ni mvaaji.

Na kanzu yenyewe, ambayo leo ndiyo heshima ya mwanamume wa Kiganda katika kwanjula na katika mazishi, Mwislamu kwa Mkristo, ilikuja kwa njia hiyo hiyo ya wafanya biashara wa pwani. Ililetwa ikiwa nguo ya wageni, ikapokewa na wafalme, ikawa nguo ya nchi. Anayejiona bora kwa kanzu yake leo na akumbuke kuwa kuna siku ilikuwa ni nguo ngeni machoni pa watu, kama zilivyo ngeni machoni pake nguo anazozicheka.

Pili ni chakula. Neno posho ni la Kiswahili, na maana yake ni chakula apewacho mtu kwa kipimo, kama walivyopewa wapagazi wa misafara. Nchini Uganda neno hili likawa ndilo jina la ugali wa mahindi, kwa sababu ugali huo ndio uliopimiwa askari, mahabusu, wanafunzi wa mabweni na vibarua wa mashamba ya miwa. Mganda aliyelelewa kwa matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba aliitazama posho kuwa si chakula hasa, ila ni kitu cha kuzuia njaa. Mtu akisifiwa kuwa ni mla matoke, na mwingine akitajwa kuwa ni mla posho, haikuwa habari ya mahindi na ndizi tena. Ilikuwa habari ya nani mwenyeji na nani mgeni, nani mwenye shamba na nani kibarua. Lakini mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoifunga nchi, serikali iligawa kwa watu wenye dhiki wa Kampala na pande za jirani kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Katika siku zile sufuria ya posho ilizistiri nyumba nyingi, na mwenye njaa hakuuliza kama chakula kile kina cheo.

Hali kadhalika ile chapati iviringishwayo pamoja na mayai, ambayo watu wa Kampala huiita roleksi. Jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, na wenye utani wakalipenda kwa kuwa linafanana na jina la saa ya thamani. Chapati ilikuja na Wahindi. Mayai ni ya kuku wa hapa hapa. Na wanaoitengeneza ni vijana wenye kikaango na jiko la makaa kando ya barabara, wakiwauzia wapita njia, madereva wa pikipiki na wanafunzi wa Makerere pale Wandegeya. Kwa muda mrefu muungwana alijificha akiinunua. Mwaka 2016 ikafanyiwa tamasha lake hapa Kampala, na leo imo katika orodha za vyakula vya mahoteli, ikiletwa juu ya sahani ya kaure kwa bei iliyopanda mara nyingi. Chapati haikuongezwa kitu ila sahani.

Tatu ni lugha, na hapa habari ni ndefu zaidi, kwa sababu inawahusu Waislamu wa Uganda kwa karibu. Katika karne ya 19 Kiswahili kilikuwa ni lugha ya baraza la mfalme. Kabaka Muteesa I, aliyetawala hadi mwaka 1884, alikifahamu, na alijua pia kusoma maandishi ya Kiarabu. Kukijua Kiswahili siku zile kulikuwa ni alama ya mtu aliyefika mahali. Walipokuja wamisionari wa Kiingereza hawakukubaliana juu yake: Mackay alitamani kiwe lugha ya watu wote wa sehemu hizi za Afrika, na Askofu Tucker akakikataa, akikiona kuwa kiko karibu mno na Uislamu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka kitumiwe zaidi katika shule na katika utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, na wakubwa wengi wa Buganda walikuwa upande wake. Hofu yao ilikuwa na sababu, maana waliona kuwa lugha hiyo italeta kuunganishwa na makoloni ya jirani na kuipunguzia Buganda heshima yake.

Lakini Kiswahili hakikuondoka. Kiliteremka ngazi tu. Kikawa lugha ya askari wa King's African Rifles, ya polisi, ya wapagazi na ya masoko. Wana wa wakubwa wakasoma Kiingereza, na Kiswahili kikaachiwa yule anayebeba mzigo na yule anayebeba bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kiwe lugha ya taifa, na kwa kuwa watu walikuwa wakikisikia kinywani mwa askari wenye kutisha, hofu yao kwa askari ikawa hofu yao kwa lugha. Hata leo wako wanaosema kuwa ni lugha ya wezi na wanyang'anyi. Hata hivyo mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sasa mzazi aliyekicheka anatafuta mwalimu wa kumfundisha mwanawe, ili apate kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Katika mambo yote matatu shahidi ametoa ushahidi mmoja. Kitu kimebaki kama kilivyokuwa, na heshima yake imepanda na kushuka kwa kufuata cheo cha mwenye nacho. Basi hoja ya mwenye kucheka imeanguka. Hakikucheka kitu. Alimcheka mtu, akakitumia kitu kuwa pazia.

Mabwana na mabibi, Waislamu wa Kampala wanayajua haya kuliko wengi, kwa sababu waliyaonja. Shule zilipokuwa mikononi mwa misheni, mzazi Mwislamu aliyempeleka mwanawe huko alihofu kuwa atarudi amebatizwa na kupewa jina jingine. Wengi wakawazuia watoto wao. Matokeo yake ni kuwa kazi za ofisini zilikwenda kwa wengine, na Mwislamu akabaki na duka dogo, usukani wa gari na kisu cha kuchinjia. Ndipo watu wakasema kuwa Mwislamu ni mtu wa bucha na wa teksi, kana kwamba aliumbwa hivyo. Hawakuuliza mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwa kufuli gani.

Na hicho kisu kilichochekwa kina historia yake. Mwaka 1876 Waislamu wa jumba la Muteesa waliuawa huko Namugongo, na miongoni mwa sababu ni kuwa walikataa kula nyama isiyochinjwa kwa sharti za dini yao. Mchinjaji aamkaye kabla ya alfajiri kwenda machinjioni, akarudi na nguo yenye damu, anaishika amana ambayo wengine waliifia. Mtoto wake hana sababu ya kuona haya shuleni anapoulizwa kazi ya baba yake.

Baadaye milango ilifunguka. Wazee walijitahidi, na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi juu ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale. Leo kuna Waislamu wanasheria, madaktari, wahasibu na wakuu wa idara, Alhamdulillahi. Na hapa ndipo penye hatari. Mtu aliyetoka bondeni akafika kilimani, mara nyingi huogopa kukumbushwa bonde. Na ili asidhaniwe kuwa ni wa kule, huwa wa kwanza kuwacheka waliobaki kule. Mwana wa muuza nyama akishapata shahada humcheka muuza nyama. Aliyesomeshwa kwa fedha za vitumbua vya mama yake humwomba mama asije na kapu lake siku ya wageni. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa, na huyu ni mtumwa wa macho ya watu, anayebadilisha bwana kila anapoingia chumba kipya.

Watu wa Nubi ni mfano mwingine. Wazee wao walikuja Kampala na Kapteni Lugard mwaka 1891, wakiwa askari na jamaa za askari waliotoka Sudani, wakaweka kambi penye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Wamesali katika misikiti ya nchi hii kwa zaidi ya miaka 130, na Katiba ya mwaka 1995 imewataja miongoni mwa makabila ya Uganda. Walakini hata ndani ya safu za sala hakukukosekana wa kuwaita watu wa kambini, wa kuiga Kinubi chao kwa kejeli, na wa kuzicheka rangi kali za nguo na za vikapu vyao. Baada ya mwaka 1979 wengi wao walikimbilia Sudani na Kenya, na waliobaki walijifunza kunyamaza hadharani. Vile vifuniko vya chakula vilivyosukwa na mama zao kwa rangi nyekundu, zambarau na njano sasa huuzwa katika maduka ya vitu vya fahari, na wanunuzi ni watu wa tabaka lile lile lililokuwa likicheka. Lakini mtoto aliyeacha kusema lugha ya nyanya yake kwa kuona haya, nani atamrudishia lugha ile? Kifuniko hununulika, ulimi uliosahau haununuliki.

Madhara ya dharau huonekana wazi zaidi katika harusi. Mtume alimwagiza Abdurrahman bin Auf afanye walima hata kwa mbuzi mmoja, na walima wake mwenyewe alipomwoa Bibi Safia ulikuwa ni tende, jibini kavu na samli, bila ya nyama. Tena alitahadharisha kuwa chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima ambao matajiri huitwa na mafukara huachwa. Sasa mambo yatazamwe yalivyo Kampala. Kijana amemaliza kazi zote za uchumba, mahari yamekubaliwa, na wazee wameridhika. Lakini ndoa inangoja mwaka, au miwili, kwa kuwa hajapata fedha za ukumbi, za mapambo, za magari na za nguo za sare. Akiulizwa kwa nini asioe kwa kadiri ya uwezo wake, hujibu kwa neno moja: watu watacheka. Wengine hukopa, na miezi baada ya harusi mume na mke wanagombana juu ya deni lililoliwa na wageni kwa siku moja. Kicheko cha mtu mmoja penye meza ya harusi ya jana ndicho kilichomkopesha bwana arusi wa leo.

Na fukara naye hujifunza. Akichekwa mara moja kwa zawadi yake ya sukari kilo mbili iliyofungwa katika gazeti, mara ya pili haji. Hutuma salamu kuwa mtoto anaumwa. Kidogo kidogo haonekani katika harusi, kisha haonekani katika maulidi, kisha hata msikitini huchagua safu ya nyuma na kutoka upesi. Wakubwa wa jamaa hukaa wakajiuliza kwa nini watu hawahudhurii mikutano, wakalaumu mvua na kazi. Hakuna aliyemfukuza, alichekwa tu.

Haifai kusemwa kuwa dhihaka ni maradhi ya matajiri peke yao. Dhihaka hupanda ngazi kama inavyoshuka. Wako watu wa hali ya chini wanaomcheka msichana asomaye vitabu, wakisema anajifanya Mzungu. Wanaomcheka kijana alaye kwa uma, au avaaye tai, au akataaye kukaa barazani kusikiliza porojo. Huyo naye anavutwa chini kwa kamba ile ile. Aya iliyokataza dhihaka haikutaja tajiri wala maskini.

Wala haifai kudhaniwa kuwa kukataza dhihaka ni kukataza nasaha. Jiko likiwa chafu, mwenye nalo na aambiwe. Msomaji akikosea herufi za Qurani, na asahihishwe. Halali na haramu si mambo ya ladha. Lakini mwenye kunasihi humwita mwenziwe kando, humtajia kosa kwa jina lake, na humwonyesha njia ya kulitengeneza. Mwenye dhihaka husema mbele za watu, hutazama upande wa wasikilizaji badala ya upande wa aliyekosea, na wanapomaliza kucheka naye amemaliza kazi yake. Atakaye kujua maneno yake ni ya fungu gani na atazame macho yake yalielekea wapi alipokuwa akiyasema.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Wenye mali wa jamaa hii wakiwaoza watoto wao kwa walima mdogo, wataivunja hofu ya mafukara kuliko hotuba kumi, kwa kuwa tajiri akipunguza hakuna wa kumcheka. Mwenye karamu na aanze kuwaalika majirani wake wa bondeni kabla ya wakubwa wa ofisi, na awakalishe pamoja nao. Walimu wa madrasa na wawasikilize watoto wanavyoitana, kwani majina ya dharau huanzia pale. Mtoto wa Kinubi, wa Kiganda, wa Kisoga, wa Kisomali na wa Kihindi wanaokaa mkeka mmoja wakifundishwa kuheshimiana matamshi yao, hawatahitaji kufundishwa tena ukubwani. Na wazazi wayachunge maneno yao penye sahani. Mtoto hajui kuwa chakula fulani ni cha watu duni mpaka amsikie mama yake au baba yake akisema.

Katika zama za Mtume, Abu Dharr alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake aliyekuwa mweusi. Mtume akamwambia kuwa bado amebakiwa na mambo ya ujahilia. Abu Dharr hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa miongoni mwa waliotangulia katika dini. Hiyo ni dalili kuwa maradhi haya humpata hata mwenye sala nyingi, na kwamba huponyeka akikubali kuambiwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu wa Kampala nyoyo zenye kushukuru bila ya kibri, na ndimi zenye kunasihi bila ya kuumiza. Awape vijana wao ndoa nyepesi, na awarudishe katika safu wale waliojitenga kwa kuvunjwa moyo. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.